Wavulana wa Nyumba ya Kyeiwaa

Frema alizika mtoto asubuhi, na mchana akarudi kwenye mapipa ya rangi. Hakuna aliyemshangaa. Pale kijijini Ntonso mtoto mchanga hafanyiwi matanga. Huzikwa pembeni kimyakimya, na mama yake huambiwa avae nguo nyeupe, ale mchuzi wa karanga na asilie, ili yule aliyekuja na kuondoka asijione kwamba amewaumiza watu. Frema alivaa nyeupe. Akala mchuzi mbele ya shangazi zake, akapangusa mdomo. Kisha akaivua nguo ile, akajifunga kitambaa chake cha kazi na kuanza kutumbukiza vitambaa vya watu wengine katika rangi ya msiba.

Ndiyo kazi aliyorithi kwa mama yake, Bibi Kyeiwaa. Vijana walitwanga magome na mizizi, wanawake wakachemsha, na vitambaa vikatoka pipani vyeusi vyenye wekundu ndani yake, tayari kuvaliwa Jumamosi kwenye mazishi ya Kumasi na Mampong. Rangi ya Frema haikuchuja. Watu walitoka mbali kumtafuta. Lakini kwa wanawe wawili wa kiume hakuna aliyewahi kuvaa hata uzi.

Wa kwanza alizaliwa mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Baada ya wiki chache tumbo likafunguka na halikufunga tena. Ngozi ikawa nyekundu, ikapasuka, ikatoa magamba, na mtoto akanyauka mikononi mwake mpaka akabaki macho. Wa pili walijaribu kumfanyia hila. Walimwita Sumina, yaani jalala, ili kifo kimwone takataka na kumpita. Wakamchanja mashavuni. Shangazi mmoja akamlaza kwenye jalala hasa, mwingine akapita na kujifanya amemwokota. Kifo hakikudanganyika. Likaja tumbo lile lile na ngozi ile ile. Huyo ndiye aliyezikwa asubuhi ile. Na katika kipindi chote hicho Afriyie, binti yake, kifungua mimba, hakujua hata mafua.

Mumewe Frema aliitwa Asiamah. Alikuwa na mashine ya kusaga mahindi na pilipili karibu na soko, na kwa sababu ya pilipili macho yake yalikuwa mekundu siku zote, hivyo watu hawakuweza kujua ni siku gani alikuwa analia.

Mimba ya nne ilipoingia, Dufie, mdogo wake Frema, alimtania wakiwa wanaanika vitambaa. "Dada, safari hii tuletee msichana bwana, utupumzishe."

"Kwani nachagua mimi? Ningekuwa nachagua ningezaa mbuzi, nikauza."

Walicheka sana siku hiyo. Frema aliikumbuka kwa muda mrefu, kwa kuwa hawakucheka tena pamoja namna ile.

Akazaliwa mvulana. Wakamwita Begyina, maana yake njoo ukae. Frema hakuthubutu kumsifia. Jirani akisema mtoto ana mashavu, yeye alisema ni gesi. Mwezi haukupita vizuri, akawa anafua nepi akaona maji matupu yenye ute. Akakaa chini pale pale kwenye matope ya rangi.

*

Ukoo ulikutana nyumbani kwa Mjomba Boadu. Huyu alikuwa kaka wa Bibi Kyeiwaa na ndiye mkuu wa ukoo. Alikuwa na shamba kubwa la kakao upande wa Bekwai, na kwa desturi yao mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa kiume wa dada yake, kisha kwa watoto wa mabinti wa dada huyo. Boadu hakuwa na hata mmoja. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezeeka akiangalia mlango usioingiza mtu.

Alimwaga kinywaji chini, akawaita waliotangulia, kisha akawageukia walio hai.

"Shamba langu nitamwachia nani? Panya? Anayewala watoto hawa hatoki kwa jirani. Yumo humu humu, anakula fufu pamoja nasi."

Shangazi mmoja akadakia, "Wasichana wazima, wavulana wanaoza. Jamani, hilo si tumbo. Huko ni kuchagua!"

Frema alimtazama mama yake. Bibi Kyeiwaa alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vyeusi vya rangi vimeshikana. Akamtazama Dufie. Dufie alikuwa anachunguza kucha zake.

Wakaamua Frema apelekwe kwenye kambi ya maombi, kwa nabii wa kike aliyesifika kwa kuwafungua watu kama yeye. Kule walimfungisha saumu, na maziwa yake yakapungua. Kila asubuhi nabii alimsimamisha mbele ya mkutano na kumwuliza amewaficha wapi wanawe. Kila asubuhi Begyina alikuwa mwepesi kidogo kuliko jana.

Mwishowe Frema akauliza swali lake. "Nikikiri, atapona?"

"Ukikiri, atafunguliwa," nabii akasema.

Basi akakiri. Mbele ya watu waliotoka Ntonso na vijiji vya jirani, Frema alisema kwamba yeye ndiye aliyewala wanawe wawili, kwamba alipewa uchawi ndani ya kitumbua alipokuwa mdogo, na kwamba sasa anauacha. Watu wakapiga vigelegele. Wengine walilia kwa furaha. Naye akamfunua mtoto, akaangalia nepi. Maji matupu.

Asiamah alifika siku iliyofuata kwa gari la kubebea mahindi. Habari zilikwishamfikia njiani.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia walichotaka."

"Mtoto amepona?"

"Hapana."

"Basi panda gari."

*

Kwenye hospitali kubwa ya Kumasi walipokewa na daktari wa watoto aitwaye Lamiley, mwanamke wa kabila la Ga kutoka Accra, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kitwi chake, lugha ya watu wa pale, kilichechemea. Alitaka kuwaambia kwamba mtoto amekaukiwa maji, akawaambia kwamba mtoto amekaangwa. Muuguzi akamsahihisha, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi huo uanze Asiamah akaachia nusu ya tabasamu.

Lakini daktari mwenyewe hakuwa anatabasamu. Alimtundikia mtoto dripu, akazuia kila kitu kisiingie mdomoni. Mtoto mwenye maambukizi ya kawaida ya tumbo hupata nafuu akipumzishwa hivyo. Begyina aliendelea kuharisha kana kwamba hajaambiwa. Kisha majibu ya damu yakaonyesha sukari iko juu sana, kisukari kwa mtoto asiyejua hata kukaa. Dokta Lamiley aliyashika majibu yale akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo madaktari wa pale hawakulifanya.

"Mama Begyina, huyu ana ndugu wa kiume?"

"Walikuwepo wawili."

"Walikufaje?"

Frema akaeleza. Alipofika kwenye ngozi, daktari akamalizia mwenyewe, magamba na wekundu, kana kwamba alikuwepo. Frema akaogopa. Huyu naye aliona kwa macho gani?

"Na mama yako je? Alipoteza watoto wa kiume?"

"Mama hakuzaa wavulana. Alituzaa mimi na Dufie tu."

"Una hakika?"

"Dokta, ningekosa kujua kwamba nilikuwa na kaka?"

Daktari hakubishana. Alisema taratibu, akitafuta maneno, "Nenda kamwulize. Mwambie sitafuti mkosaji, natafuta njia."

Frema alimkuta mama yake jikoni anamenya ndizi. Akauliza akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu alijua akikaa atashindwa. Bibi Kyeiwaa aliendelea kumenya. Alimaliza ndizi iliyokuwa mkononi, akachukua nyingine, akaiweka chini bila kuimenya.

"Yaw," akasema. "Halafu Kwabena. Wa tatu alikufa kabla ya siku ya nane, hatukumpa jina."

"Mama!"

"Walikuja kabla yako. Watu walikatazwa kuwataja. Nikala mchuzi wa karanga kama ulivyokula wewe." Akapangusa mikono, ingawa ilikuwa mikavu. "Na mama yangu pia alizika. Boadu alikuwa na mdogo wake, Kwasi Amoako. Ngozi yake ilikuwa inabanduka kama ya ndizi hii. Boadu alikuwa mkubwa wa kutosha kumsaidia baba kuchimba."

Frema akaingia ndani. Akakaa juu ya kinu. "Ulijua yote haya, ukaniacha nikasimama mbele ya watu nikakiri uchawi?"

"Nilijua nini, mwanangu? Nilijua wanakufa tu. Miaka yote nilidhani ni mimi." Sauti ya mama mtu ilishuka. "Nililala nikidhani natoka kwenye mwili wangu kwenda kuwala bila kujua. Hata Sumina alipokufa, nilijinusa mikono asubuhi. Siku niliyosikia umekiri, Mungu anisamehe, moyo wangu ulipoa kidogo. Nilisema, kumbe labda si mimi."

Hawakukumbatiana. Walikaa kila mmoja mahali pake, na ndizi zikawa nyeusi kwenye sinia.

Wiki hiyo hiyo Bibi Kyeiwaa alichukua kitambaa cheusi kipya kilichokuwa kinamsubiri mteja, akajifunga, akatoa kiti na kukaa mbele ya nyumba yake mchana kweupe. Wapita njia wakasimama.

"Pole, Bibi. Nani amefariki?"

"Wanangu."

"Wanao? Frema na Dufie si nimewaona leo?"

"Wanangu wa kiume. Yaw, na Kwabena, na mwingine."

Watu waliondoka haraka, wengine wakisema kikongwe amechanganyikiwa. Walikuja wazee wawili kumsihi aingie ndani, kwamba hilo halifanywi. Akawaambia wakitaka wamnyanyue na kiti chake. Jioni alipoingia, ni kwa sababu jua limezama na mbu wametoka.

*

Damu ya Begyina na ya Frema ilipelekwa ng'ambo, na jibu lilichukua muda kurudi. Siku liliporudi, Dokta Lamiley aliwaita mume na mke kwenye chumba chenye feni mbovu, akamwita na yule muuguzi wa kumsahihishia Kitwi.

"Mwilini tuna chembe nyeupe za damu," alianza. "Hizo ni askari. Zikiona mdudu, zinampiga. Lakini askari hawana akili ya kutosha. Wapo wanaokosea, wanaona utumbo wako, ngozi yako, kiungo chako cha kutengeneza insulini, wanadhani ni adui. Hao wapo kwako, kwangu, kwa kila mtu. Sawa?"

"Sawa."

"Kwa nini basi hatufi? Kwa sababu ipo aina nyingine ya chembe, chache sana. Kazi yake ni kuwashika hao wengine mikono. Kuwaambia: acha, huyu ni wetu. Tunaziita seli T za udhibiti. Mtoto wako alizaliwa na hitilafu kwenye maagizo ya kuzitengeneza. Hana wa kuwashika askari wake mikono. Wanampiga yeye mwenyewe, tangu siku aliyozaliwa."

Asiamah aliinamia magoti. Frema ndiye aliyeuliza. "Mbona wasichana hapana? Mbona mimi mzima?"

"Maagizo hayo mwanamke anayo mara mbili, moja kwa mama na moja kwa baba. Moja likiharibika, lipo la pili. Mwanamume analo moja tu, na analipata kwa mama yake."

"Kwa hiyo ni mimi niliyempa."

Muuguzi aliangalia pembeni. Daktari alivua miwani. "Ni wewe. Kama mama yako alivyokupa wewe, na bibi yako alivyompa yeye. Hukuchagua. Kila mimba ya mvulana ni nusu kwa nusu. Wewe imekuangukia vibaya mara tatu."

Frema alitoka nje akashika ukuta. Alikuwa amekuja kuambiwa kwamba si yeye. Alitaka neno hilo moja, apeleke nyumbani, aliweke mbele ya shangazi zake kama sahani. Badala yake aliambiwa ni yeye, ila bila kosa. Atalibebaje neno kama hilo mpaka Ntonso lisimwagike?

Lilimwagika. Ukoo ulipokutana tena, Asiamah ndiye aliyejitahidi kueleza habari za chembe na askari, naye si msemaji. Mjomba Boadu alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Ngoja nikuelewe, mkwe wangu. Kitu hiki kinatoka kwa mama. Kinapita kwenye damu ya ukoo wetu. Kinachagua wavulana. Na mwenye nacho haumwi hata kichwa, anatembea anauza vitambaa. Sivyo?"

"Ndivyo alivyosema dokta."

"Haya, nionyeshe tofauti yake na uchawi."

Watu wakaguna. Shangazi yule akapiga makofi. "Si tulisema sisi? Tumesema bila mashine!"

Asiamah akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko siku zote. "Tofauti ni kwamba dokta hakumtaka mke wangu akiri. Alimpa mtoto dawa."

Kisha ikasikika sauti ya Bibi Kyeiwaa, ambaye hakuwahi kusema neno katika vikao vya kaka yake. "Boadu. Kwasi Amoako ulimchimbia wewe na baba. Nani alimla? Mama yetu?"

Mzee Boadu alisimama. Alichukua fimbo yake, akatoka kwa mlango wa uani, na kikao kikaishia hapo kwa kukosa wa kukifunga.

*

Dawa yenyewe ilikuwa ile wanayopewa watu waliowekewa figo za wengine, ya kuilegeza kinga ya mwili isikatae. Dokta Lamiley alihangaika kuipata, akapima kipimo chake kwa matone. Baada ya wiki kadhaa kuharisha kukapungua. Ngozi ikalainika. Begyina akanenepa shingo, akajifunza kucheka kwa kukoroma, na Frema akajifunza kumchoma sindano ya insulini tumboni. Chupa zake alizihifadhi kwenye chungu cha maji kivulini, maana umeme wa Ntonso ulikuja ulipotaka.

Kuponya kabisa kulihitaji uboho wa mtu mwingine, na wa kwanza kupimwa alikuwa Afriyie, dada mtu. Msichana alitoa mkono wake kwa fahari. Majibu yakaja kwamba hawafanani. Afriyie alilia kana kwamba amefeli mtihani, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye wazo hilo.

Na dawa ilikuwa na bei yake nyingine. Ilipowanyamazisha askari, iliwanyamazisha wote, waliokosea na waliokuwa kwenye kazi halali. Begyina alipofikisha mwaka mmoja na nusu alishikwa na kifua. Mtoto mwingine angekohoa wiki, akapona. Yeye alilazwa muda mrefu akipumua kwa mpira puani, na daktari akawa kila siku anavutwa na kamba mbili: akipunguza dawa, mwili utarudi kujitafuna, akiiacha kama ilivyo, kifua kitamshinda. Alipotoka pale alikuwa hai, lakini sikio moja halisikii vizuri. Tangu hapo Frema alimwogopa kila mtu mwenye kikohozi. Mteja akipiga chafya uani, alimwomba asubiri barabarani. Watu wakasema yule mchawi siku hizi anaringa.

Kukiri kule hakukufutika. Kila alipokwenda sokoni, akina mama waliwavuta watoto wao karibu, si kwa nguvu, kidogo tu, kama mtu anavyovuta nguo yake isiguse tope.

Mwaka huo Dufie alipata mimba. Alikuwa ameolewa Techiman na mfanyabiashara wa viazi vikuu. Frema alijua lazima aende. Hakujua atasema nini. Alimwachia mama yake mtoto, akasafiri.

Dufie alimkaribisha maji, akamkalisha. Mambo yalikwenda vizuri hadi Frema aliponyoosha mkono.

"Usinishike tumbo."

"Dufie, nimekuja kukuambia kitu. Hicho nilicho nacho mimi na mama, huenda na wewe unacho. Kipo kipimo cha damu. Mtoto akizaliwa mvulana, tukijua mapema—"

"Tukijua? Wewe na nani?"

"Mimi na dokta."

"Dada, mimi nilikaa kimya wakati wote wanakusema. Kimya kabisa. Lakini wewe mwenyewe ulisimama mbele ya watu ukakiri. Hukupigwa, hukufungwa kamba. Sasa unanifuata mpaka kwangu, na tumbo langu lina miezi saba, unataka damu yangu?"

"Nilikiri ili mwanangu apone!"

"Na sasa unasema nini ili wangu afe?"

Mume wa Dufie aliingia akakuta wanawake wawili wamesimama. Kwa heshima zote alimtafutia shemeji yake gari la kurudi.

Mtoto alikuwa mvulana. Habari zilifika Ntonso kupitia watu wengine, na kwamba baba yake amempa jina la mkuu wa ukoo wa mkewe, Boadu. Frema hakualikwa kwenye siku ya nane, ya kumtoa mtoto nje na kutangaza jina. Alituma kitambaa cheupe. Hakusikia kama kilipokewa.

*

Alikuwa anakamua vitambaa, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, pale Afriyie alipomwambia kuna mtu barabarani haingii. Frema akatoka. Dufie alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro, mtoto kifuani, kitambaa cha kichwa kimelegea.

"Dada," akasema.

Frema alivuka mtaro. Alifunua kitambaa akaona shingo ile, wekundu ule kwenye mikunjo, magamba yakianza nyuma ya masikio. Harufu ya nepi ilimfikia kabla hajaifungua.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi ya juzi. Mama mkwe anasema ni meno. Ana wiki tano, dada, meno gani?"

"Ananyonya?"

"Ananyonya. Anatoa yote."

Frema akamwita Asiamah kwa sauti ambayo mashine ya kusaga haikuweza kuifunika. Hawakumwaga rangi iliyokuwa motoni wala kuwaaga wateja. Walipanda gari la mahindi wakiwa watatu mbele na mtoto katikati, na njia nzima Dufie alishika kitambaa cha kazi cha dada yake, upande uliokuwa bado unatona. Hakuomba radhi. Frema hakumngojea aombe. Alikuwa anahesabu pumzi za mtoto.

Dokta Lamiley alikuwa zamu. Kwa mtoto huyu hakuhitaji kuulizia wajomba. Alitoa damu, akaanza matibabu kabla majibu hayajarudi, na sukari ya mtoto ilikuwa bado haijaharibika. "Mmewahi," alisema. Akarudia kwa Kitwi, na safari hii hakukosea. Majibu yaliporudi, yalikuwa yale yale.

Siku ya tatu au ya nne ya kulazwa, Mjomba Boadu alikuja wodini. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani, na amebeba mkungu wa ndizi usioruhusiwa na muuguzi. Alimwangalia mtoto mwenye jina lake, mpira ukiwa puani na mkono umefungwa kibao. Mabinti wa dada yake walimpisha kiti, hakukaa. Daktari alipopita akamfuata mpaka kwenye korido, na Frema akatoka nyuma yake, maana aliogopa mzee atasema jambo.

"Dokta, mimi nimetoka tumbo moja na mama yao wasichana hawa. Mimi mwanamume. Niliponaje?"

"Ulipata maagizo mazima, mzee. Mama yako alikuwa nayo ya aina mbili. Wewe ukapata yale mazima."

"Nilifanya nini hata nikapata?"

"Hukufanya kitu. Bahati tu."

Mzee akatafakari. "Nilikuwa na mdogo wangu, Kwasi."

"Nimeambiwa."

"Yeye alifanya nini?"

"Naye hakufanya kitu."

Boadu aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Akamgeukia Frema. Frema alingoja. Alikuwa amengoja neno la kuombwa radhi tangu siku ya kambi, na alikuwa amekwisha kujua atalijibu vipi, kwa ukali. Lakini mzee alikaa kwenye benchi la korido, akavua kofia, akaiweka juu ya magoti, akaanza kulia kwa sauti, kama wanavyolia watu kwenye mazishi ya wakubwa, mpaka wazazi wa watoto wengine wakachungulia milangoni kuona nani amefiwa.

Frema alisimama karibu naye kwa muda. Kisha akarudi ndani, kwa sababu ulikuwa wakati wa matone ya dawa.